Wenye kichanga, gawaneni usiku

Kama kuna kichanga ndani, pangeni zamu za usiku. Mmoja akeshe mpaka saa nane, mwenzake apokee kuanzia hapo, ili kila mtu apate angalau saa 4 au 5 za usingizi usiokatwa. Mama akinyonyesha, baba amletee mtoto kitandani, na akishashiba baba huyohuyo amcheulishe, ambadilishe nepi na kumlaza. Mama ageuke upande wa pili, alale. Kulala vipandevipande huchosha akili kuliko watu wanavyodhani, na ugomvi mwingi wa wazazi wapya huanzia hapo, wala si kwamba mapenzi yameisha.

Machozi ya ghafla siku chache baada ya kujifungua ni jambo la kawaida. Homoni zinashuka kwa kasi. Mara nyingi machozi hayo huisha ndani ya wiki 2. Yakipita hapo, au mama akiwa hapati usingizi hata mtoto akilala, hana hamu na chochote, anajiona hafai, huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Inatibika. Nendeni kliniki mkaseme waziwazi. Inaweza kuanza wakati wowote ndani ya mwaka wa kwanza, na akina baba pia huipata, ila kwao mara nyingi huonekana kama ukali tu.

Mzazi akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, msimwache peke yake hata kidogo. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.

Na mgeni akiuliza asaidie nini, mpeni kazi: nguo za mtoto zifuliwe.