Utando wa kutenganisha chumvi: kabla ya kulaumu kemikali, angalia matone

Juzi nimekaa maabara na mwanafunzi ambaye utando wake ulikuwa unapitisha maji na chumvi yake yote. Alishabadilisha kemikali mara tatu. Kumbe shida ni matone ya maji yanayobaki juu ya utando wakati wa kuutengeneza. Hatua zangu ni hizi.

1. Loweka tabaka la chini la polisalfoni (plastiki yenye vitundu inayobeba utando) kwenye maji safi tangu jana yake. Usiliache likauke, vitundu vikijifunga havifunguki tena. Libane kwenye fremu, upande unaong'aa juu.

2. Mimina piperazini, kemikali ya kwanza kati ya mbili zinazojenga ngozi ya utando, ya asilimia 2 iliyoyeyushwa kwenye maji. Dakika mbili, mwaga.

3. Hapa ndipo watu hupotea, na mimi nilipotea siku nzima. Uso usibaki na tone hata moja, ila usikauke. Tone likibaki, poliamidi (ngozi nyembamba inayozuia chumvi) hujijenga juu ya tone badala ya kushika tabaka la chini. Maji yakiondoka, panabaki kasoro, na chumvi inapita hapo. Ukikausha mno, piperazini haitoshi na ngozi haikamiliki. Wengine hupuliza hewa. Mimi siitaki: inakausha kingo huku katikati pana maji. Natumia rola ya mpira, mara mbili, mkono mwepesi, bila kukandamiza. Kisha nainamisha fremu chini ya taa na kuutazama uso kwa pembeni. Mng'ao wa maji ukishatoweka, tosha. Usisahau kona. Maji hujificha chini ya ukingo wa fremu, ukimimina heksani (kiyeyusho cha hatua ya 4) yanateleza hadi katikati. Zifute kwa ncha ya karatasi ya kuchujia. Siku za mvua uso huchelewa kukauka, kwa hiyo amini jicho, si saa.

4. Mimina trimesoili kloridi, kemikali ya pili, inayoungana na piperazini kuwa poliamidi: asilimia 0.15 kwenye heksani, sekunde 60. Iyeyushe siku hiyohiyo, maana unyevu huiharibu. Ukiona unga mweupe chini ya chupa, tupa. Fanyia kazi kwenye kabati la kufyonza mvuke, na heksani iruke yote kabla ya kukaribia oveni. Inashika moto haraka.

5. Oveni, nyuzi 60, dakika 10.

6. Pima kwa kuupitishia maji yenye salfeti ya sodiamu, gramu 2 kwa lita, kisha chumvi ya kawaida kwa kipimo hichohicho. Utando huu una chaji hasi, kwa hiyo salfeti yenye chaji mbili husukumwa zaidi kuliko kloridi. Ukizuia salfeti zaidi ya asilimia 95 na kloridi nyingi ikapita, umepata. Zote mbili zikipita kwa wingi, rudi hatua ya 3. Na suuza kifaa vizuri katikati ya vipimo, la sivyo mita ya chumvi itakusomea salfeti ya asubuhi.