Safari ndefu ya familia: hesabu, kubana matumizi na makaratasi

Kabla hamjapunguza chochote, tafuteni bei ya siku moja ya safari kwa familia nzima. Chagueni sehemu mbili au tatu mnazotaka kukaa, mwangalie kodi ya mwezi ya nyumba yenye jiko (bei ya hoteli ya usiku mmoja itawadanganya), mjumlishe chakula, nauli za ndani, laini ya simu na viingilio, kisha mgawanye kwa 30. Namba hiyo iandikwe mahali kila mtu anaiona. Ndiyo itakayomaliza mabishano: kifurushi cha televisheni ambacho hakuna anayekitazama, kikila nusu siku ya safari kila mwezi, kwa mwaka kimekula siku sita.

Bei ya siku peke yake haitoshi, na hapa ndipo mipango mingi hukwama. Fedha za safari zina mafungu manne. La kwanza ni la kuondokea: pasipoti, viza, chanjo, bima, mabegi na tiketi za mbali. La pili ni la kila siku. La tatu ni la mambo ya nyumbani yasiyosimama mkiwa hampo, kama mkopo, bima au kodi ya stoo ya vitu. La nne, ambalo karibu kila mtu hulisahau, ni la kurudia: amana ya nyumba mpya na matumizi ya angalau miezi mitatu wakati mnatafuta kazi na kurudisha watoto shule.

Tuchukulie mapato ya mwezi ni 100, ya sarafu yoyote. Mnatumia 95, mnaweka 5. Mnataka safari ya miezi 12 itakayokula 60 kwa mwezi, yaani 720. Kuondoka 120, mambo ya nyumbani 5 kwa mwezi, yaani 60, kurudi 210. Jumla 1,110. Kwa akiba ya 5 mtaondoka baada ya miaka 18 na nusu, watoto wameshaota ndevu. Mkishusha matumizi hadi 60, mnaweka 40 na mnahitaji miezi 28. Safari ikiwa ya miezi sita, jumla ni 720 na mnaondoka baada ya miezi 18. Chezeni na hesabu hii kwa namba zenu wenyewe kabla ya kuwaambia ndugu tarehe yoyote.

Mtaona pia kwamba kushusha matumizi kuna faida maradufu. Familia iliyozoea kuishi kwa 60 huhitaji fungu dogo la kurudia kuliko iliyozoea 95.

Pa kubana, na pa kuacha

Andikeni kila kinachotoka kwa miezi miwili mfululizo, kila mtu mzima kivyake, bila kubadilisha chochote. Kisha orodhesheni vinavyolipwa mara moja au mbili kwa mwaka: ada za shule, bima, matengenezo ya gari, sikukuu, michango ya harusi na misiba. Jumlisheni, gawanyeni kwa 12, na kiasi hicho kiwekwe kando kila mwezi. Bila hatua hii bajeti huonekana nzuri miezi miwili, mwezi wa tatu ada zikifika akiba yote inarudi ilikotoka, na mtu anaamua kwamba kubana matumizi hakuwezekani.

Halafu nendeni kwenye vitu vitatu vikubwa: nyumba, usafiri, chakula. Hapo ndipo pesa ilipo. Kama kodi inakula 35 katika zile 100 na mkahamia kwenye nyumba ya 22, mmepata 13 kila mwezi bila kumkaripia mtu. Pigeni hesabu ya kuhama kwanza: amana, gari la mizigo, kupaka rangi. Kuhama kukigharimu 26, mmeirudisha ndani ya miezi miwili. Kukigharimu 130, ni miezi kumi, na kama mnaondoka baada ya mwaka haifai kujisumbua.

Gari lihesabiwe lote: mafuta, bima, matengenezo, matairi, maegesho, na thamani inayopungua kila mwaka. Familia yenye magari mawili iuze moja mwanzoni kabisa. Kusubiri hadi wiki ya mwisho ni kulipa bima na matengenezo ya kitu mnachokiaga, na juu yake mnunuzi akijua mna haraka atawapangia bei yeye.

Chakula hupotea zaidi kwenye kuoza na kwenye kununua kwa njaa. Siku moja kabla ya kwenda sokoni fungueni kabati na friji, andikeni kilichopo, pangeni milo ya siku saba kuanzia na kinachokaribia kuharibika, ndipo muandike cha kununua. Linganisheni bei kwa kilo, maana pakiti kubwa si rahisi kila mara. Kunde na maharage makavu ni nafuu kuliko ya kopo: kilo moja kavu hutoa takriban kilo mbili na nusu zilizoiva. Lowekeni usiku kucha, pikeni sufuria moja kubwa, gandisheni kwa vipimo vya mlo mmoja. Kilicho kwenye friji tayari ndicho kinachozuia chakula cha kununua siku ambayo kila mtu amerudi amechoka.

Kwenye umeme watu huhangaika na taa na kuacha maji ya moto. Kupandisha joto la lita 100 za maji kwa nyuzi 40 hula karibu yuniti 4.7. Kwa umeme huohuo balbu ya LED ya wati 9 huwaka zaidi ya saa 500. Kwa hiyo waacheni watoto na taa zao. Punguzeni dakika za kuoga na joto la hita. Kwa maji, fungeni bomba zote, someni mita, rudini baada ya saa mbili bila mtu kutumia maji. Namba ikisogea, kuna uvujaji. Mshukiwa wa kwanza ni tangi la choo: tieni rangi ya chakula ndani yake, msivute maji kwa nusu saa, na rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa valvu umechoka. Ni kifaa cha bei ndogo.

Madeni ya riba kubwa yalipwe kabla ya kurundika akiba. Deni la kadi linalotoza asilimia 24 kwa mwaka linawala asilimia 2 kila mwezi, na hakuna akaunti ya kawaida ya akiba itakayowalipa hivyo. Wekeni kwanza akiba ya dharura ya mwezi mmoja, malizeni deni, ndipo muanze mafungu ya safari.

Akiba ihamishwe yenyewe siku ileile mshahara unapoingia, kwenda akaunti isiyo na kadi. Fedha mtakazohitaji ndani ya miaka miwili au mitatu msiziweke kwenye hisa. Soko likishuka mwezi wa kukata tiketi hamna muda wa kusubiri lipande. Na kila mtu mzima awe na kiasi kidogo cha kwake kisichoulizwa. Kubana kusiko na tundu la kupumulia hupasuka kwa kishindo, kwa kawaida dukani, mwisho wa mwezi.

Makaratasi yana kalenda yake

Anzeni mwaka mmoja kabla. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na angalau miezi sita zaidi na kurasa mbili tupu, na pasipoti za watoto mara nyingi hudumu miaka mitano tu, hivyo ya mtoto inaweza kuisha mkiwa njiani. Mzazi mmoja akisafiri na watoto peke yake, abebe barua ya ridhaa ya mwenzake iliyothibitishwa na mwanasheria pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Chanjo ya homa ya ini B kwa ratiba ya kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi sita. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 kinadumu maisha yote.

Eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, huwanasa wengi: kwa ziara fupi ni siku 90 ndani ya kila siku 180 kwa nchi zote kwa pamoja, si 90 kwa kila nchi.

Kwenye ndege, mtoto chini ya miaka miwili anayepakatwa kwa kawaida hulipa karibu asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima katika safari za kimataifa, na akifikisha miwili katikati ya safari anahitaji kiti cha kurudia. Kuanzia miaka 12 mashirika mengi humhesabu kama mtu mzima. Tarehe za kuzaliwa za watoto basi ziwe mezani wakati wa kupanga tarehe ya kuondoka. Bima isomwe kwa makini: bima ya mwaka ya safari nyingi mara nyingi huweka kikomo kwa safari moja, siku 30 hadi 90, na baada ya hapo hamna kinga.

Nyumba yenu wenyewe mkiipangisha, waambieni benki yenye mkopo na kampuni ya bima kabla mpangaji hajaingia. Mkiiacha tupu, ulizeni ni baada ya siku ngapi bima inasita. Fanicha: kodi ya stoo kwa muda wote ikizidi bei ya kununua upya vitu vya mtumba, uzeni.

Mkiwa njiani

Siku za kuhama ndizo ghali: nauli, mizigo, chakula cha vituoni, usiku wa kwanza wa dharura. Kaeni wiki nne mahali pamoja, msimu usio wa watalii, na ombeni bei ya mwezi. Mashine ya fedha ikiuliza kama mnataka kutozwa kwa sarafu ya nyumbani, kataeni, chagueni sarafu ya pale mlipo. Kiwango cha mashine huwa kibaya. Bebeni kadi mbili za akaunti tofauti, kila moja kwenye begi lake.

Fungu la kurudia likae kwenye akaunti ambayo kadi za safarini haziifikii, na nauli ya kurudi isitoke ndani yake, itoke kwenye fedha za matumizi. Kila Jumapili toeni nauli hiyo kwenye salio la matumizi, kilichobaki mgawanye kwa bei ya siku. Jibu likishuka hadi siku 45, anzeni kutafuta tiketi za kurudi wakati bado mna nafasi ya kuchagua tarehe ya bei nafuu.