Gari la sola: anza na ulaji wa umeme, paneli zitafuata

Kama unataka kutengeneza gari la sola la kuuza, sio la mashindano, usikimbilie paneli. Jiulize kwanza gari lako litakula umeme kiasi gani kwa kilomita.

Piga hesabu hivi. Ukijibana sana unapata kama mita 5 za mraba za seli kwenye bodi nzima. Jua la utosi linaleta karibu wati 1000 kwa kila mita ya mraba, seli nzuri inashika asilimia 22 hivi, kwahiyo una kilowati 1.1, na hiyo ni kwenye karatasi, maana boneti imeinama, seli zinachemka, na silikoni ikizidi nyuzi 25 inapoteza kama asilimia 0.3 mpaka 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayoongezeka. Siku nzuri shika uniti 4 basi, yaani wati-saa 4000. Gari linalokula wati-saa 160 kwa kilomita litaenda kilomita 25 kwa jua hilo, likila 100 tu linaenda 40. Na hujaongeza hata seli moja!

Ndo maana pesa ya kwanza iende kwenye umbo na uzito, na hapo ndo maumivu yalipo. Ukishusha paa kwa nyuma upepo unapita vizuri ila abiria wa nyuma anagonga kichwa. Aptera, kampuni ya magari ya sola ya Marekani, wameamua matairi matatu na siti mbili, gari jepesi kweli, ila mwenye watoto watatu umeshampoteza. Lightyear 0 ya Uholanzi ilifunika matairi ya nyuma, ikaweka mota nne ndani ya magurudumu, bei ikafika yuro 250,000. Uzalishaji ulianza mwisho wa 2022, Januari 2023 ukasimama. Sono Motors wa Ujerumani walienda njia nyingine, gari la familia la bei ya kawaida lililojaa seli mpaka milangoni, pesa haikutosha, gari hilo, Sion, likafutwa Februari 2023. Mi naona anayefaa kuigwa hapo kwa bei ni Sono, kwa ulaji ni Lightyear.

Betri usijaze kupita kiasi, kila kilo unayoongeza inakula zile uniti 4.

Halafu kivuli. Seli zimeungwa kwa mfululizo, kivuli cha nguzo kikiangukia chache tu mstari mzima unalegea, kwahiyo zigawe makundi, kila kundi na chaji kontrola yake, kile kifaa kinachosimamia umeme unaoingia kwenye betri. Makundi mengi ni waya nyingi na gharama, usipitilize.

Milango iache na rangi tu. Saa sita jua liko juu halioni ubavu, na mlango ndo unaogongwa kila siku kwenye paking, sasa fundi gani atakunyooshea seli? Paa na boneti vinatosha, na kabla hujaagiza moldi liache gari la majaribio nje wiki nzima, sehemu yenye miti, uandike uniti zilizoingia kweli.