Jinsi ya kusoma asilimia za ufanisi unapopika mafuta ya majani ya mkarafuu

Mzigo mmoja, siku moja, pipa moja la kupikia kwa mvuke. Jedwali la kwenye simu yangu lilinambia ufanisi ni 40%. Nilipolitengeneza likasema 78%, na mafuta hayakuzidi hata tone. Ami yangu, aliyekuwa akichochea kuni, akauliza: "Kwani hiyo simu imeyapima lini hayo majani?" Hakuwa mbali na ukweli.

Hapa Pemba karafuu na makonyo (vile vikonyo vya karafuu) yana njia yake: yanauzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na makonyo yanapikwa kiwandani Wawi. Mimi napika majani makavu yaliyoanguka chini ya mikarafuu. Kama unapika mchaichai, hesabu ni hii hii, ila kuna mahali pawili utabadilisha, nitakwambia.

Hatua ya 1: Ondoa maji kwenye uzito

Nilitia pipani kilo 60. Lakini majani ya Masika si sawa na ya Kaskazi, hata kama polo (magunia) zimejaa sawasawa. Chukua gramu 200 kutoka polo mbalimbali, zikaushe kwenye oveni ya jikoni kwa moto mdogo, upime mpaka mizani irudie namba ile ile mara mbili. Zangu zilibaki gramu 170, yaani maji yalikuwa 15%. (Mafuta kidogo huruka humo ovenini. Kosa hilo ni dogo, nalivumilia.)

Kilo 60 × 0.85 = kilo 51. Hiyo ndiyo namba ya kuandika.

Hatua ya 2: Tafuta kiwango chako cha juu

Ufanisi ni ulichopata ukigawa kwa kile kilichomo ndani ya jani. Sasa hicho kilichomo umekijuaje? Jedwali nililopewa lilikuwa limeandikwa 3% tayari. Majani ya mkarafuu kwa kawaida hutoa kama 2 mpaka 3%, kwa hiyo aliyeiandika alichukua ncha ya juu, na mimi nikawa nashindana na majani ya mtu mwingine.

Pika kidogo, pika mpaka yaishe. Nilichukua kilo 2 za majani yale yale (kavu kabisa ni kilo 1.7), nikayapika kwenye sufuria ndogo ya mvuke, maji yaliyotoka nikayarudisha tena na tena, mpaka mafuta yakakoma. Nikapata gramu 42.5, sawa na 2.5%. Kwa kilo 51, basi, kiwango cha juu ni kilo 1.275. Rudia jaribio hili kila unapobadilisha shamba au msimu.

Hatua ya 3: Mililita si gramu

Mafuta ya mkarafuu ni mazito kuliko maji, ndiyo maana yanazama na bomba la kuyatolea liko chini ya chombo cha kutenganishia. Yaache yapoe mpaka kesho yake, uyapime kwenye kioo, kisha uzidishe kwa 1.04. Nilitenganisha mililita 780, yaani gramu 811. Mchaichai ni kinyume: mafuta yake yanaelea, zidisha kwa 0.89.

Hapo ndipo ilipotoka ile 40%. Nilichukua mililita 720 zilizofika chupani nikaziandika kama kilo 0.72, nikagawa kwa 3% ya kilo 60 bila kutoa maji. Makosa matatu, na yote yananipunja upande mmoja.

Hatua ya 4: Hesabu yaliyojificha kwenye maji

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi. Yale maji meupe kama tui yanayotoka na mafuta si ya kumwaga. Yujenoli (eugenol), ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya mkarafuu, inayeyuka kwenye maji, kidogo lakini inayeyuka. Mimi nahesabu gramu 2 kwa kila lita. Siku ile nilikinga lita 90, kwa hiyo gramu 180 zilikuwa humo, nami zamani nilikuwa nikinyweshea migomba. (Kwa mchaichai upotevu huu ni mdogo zaidi, usitumie hiyo 2.)

Sasa andika mistari mitatu, usiichanganye:

Ufanisi wa pipa: (811 + 180) ÷ 1,275 = 78%
Ufanisi wa kutenganisha: 811 ÷ 1,275 = 64%
Ufanisi wa jumla, mpaka chupani (mililita 720 × 1.04 = gramu 749): 749 ÷ 1,275 = 59%

Wa kwanza unakwambia kuhusu moto, muda na namna ulivyopanga majani. Wa mwisho ndio wa kupangia bei. Ukiona 59% ukaongeza kuni, unachoma pesa: pipa langu halikuwa na neno, tofauti kubwa ilikuwa kwenye maji.

Hatua ya 5: Ukirudisha maji, toa deni

Mzigo wa pili niliyatia yale maji pipani badala ya maji ya kisima. Jedwali likasema ufanisi wa pipa ni 92%. Nikafurahi kama dakika kumi hivi, halafu nikakumbuka zile gramu 180 zimehesabiwa jana, na leo zimehesabiwa tena. Ongeza seli moja, "mafuta yaliyoingia na maji", na uyatoe kabla ya kugawa. Ikarudi 78%. Chupani, hata hivyo, yalizidi kweli.

Hatua ya 6: Zile gramu 62

Kati ya 811 na 749 kuna gramu 62 zilizopotea baada ya kazi ya moto kwisha. Nilikuwa nachujia kipande cha kanga kilichokunjwa mara nne. Nikakipima kabla na baada: kimekunywa gramu 48. Siku hizi nayaacha mafuta yatulie siku mbili kwenye chupa kubwa ya kioo, nayamimina taratibu, na kitambaa nakitumia kwa zile tope za mwisho tu.