Una sura ya baunsa na umepewa sini ya huruma? Fanya hivi

Nyinyi wenzangu wa Lamu wenye vifua vya kubebea simiti pale jeti, kila ikija kushutiwa muvi huku kazi yenu ni kuigiza ujambazi tu, si ndio? Sasa siku ukipewa sini ya upole usiikatae, hiyo sura inayotisha ndio mtaji wenyewe.

Mtafute Michael Clarke Duncan, yule mwigizaji wa Marekani. Huyu jamaa alikuwa akichimba mitaro ya kampuni ya gesi kwao Chicago, akawa baunsa, akawa bodigadi wa masupastaa kina Will Smith, halafu 1999 akacheza John Coffey kwenye The Green Mile, mfungwa anayengoja kuuliwa, mpaka akateuliwa kuwania Oscar. Alifariki 2012, Mungu amrehemu.

Iangalie hiyo muvi mara mbili. Mara ya kwanza sikiliza ile siku anafikishwa jela, mtu mkubwa kama mlango wa Ngome, anauliza kwa adabu kama usiku taa huachwa manake kiza humtia uoga, na wewe ulokuwa ukimwogopa yeye unabaki kuona haya. Mara ya pili zima sauti, tazama mikono tu, hasa pale anampokea yule panya aliyekanyagwa. Mikono mikubwa ikishika kitu kidogo watu wote wanatulia, hata sijui kwa nini.

Kwa hivo mazoezi ni paka. Lamu paka hukosi, chukua kale katoto kanakozurura sokoni kwa samaki, kashike mpaka kalale, na mwenzako awe anarekodi kwa simu. Ukiingia kichochoroni simu iwe chini usawa wa goti uonekane jitu, kisha ije usawa wa macho, karibu kabisa. Hata Duncan kamera ndio iliyomfanya aonekane mkubwa zaidi bwana, yule David Morse aliyecheza askari jela walikuwa karibu kulingana urefu.

Kulia sasa. Usikamue chozi! Mimi mara ya kwanza nililia kwa makelele pale Mkunguni, wazee wa baraza wakadhani nimefiwa, watoto wakaniiga wiki nzima nikipita. Fanya kinyume, lizuie, meza mate, ongea chini na polepole na hata sauti ikikatika ung'ang'anie kumaliza sentensi, anayekutazama ndio atalia badala yako. Na mabega usiyakunje ati ujifanye mdogo, yaache yalivyo.

Kitu kingine, msimu wa kusi usirekodi forodhani, upepo utakula maneno yote, ingia ndani ya mitaa kwenye kuta za mawe. Punda akitaka kupita mpishe huku kamera inaenda, hiyo nayo ni sini.

Na paka akikukwaruza usimtupe, endelea kurekodi.