SOMO: Kufuatilia mababu wa Kiskoti kwa rejista za zamani na majina ya mahali

Tatizo la Uskoti si uhaba wa kumbukumbu. Ni uchache wa majina. Katika parokia moja ya Nyanda za Juu za Uskoti (Highlands) si ajabu kukuta akina John MacDonald kadhaa wa rika moja, wote wakulima, na wote wameoa wanawake wanaoitwa Mary au Margaret. Anayefuata jina peke yake ataishia kujenga ukoo wa watu wengine. Fuata mahali: kwanza parokia, kisha shamba. Mfano utakaotumika hapa ni wa David Livingstone, kwa sababu ukoo wake unajulikana na unapita karibu kila kikwazo kitakachokukuta.

Hatua ya 1: Anza na kifo, si kuzaliwa

Usajili wa serikali ulianza tarehe 1 Januari 1855. Rejista ya vifo ya Uskoti hutaja baba na mama wa marehemu, na mama huandikwa na jina la ukoo alilozaliwa nalo. Mzee aliyefariki mapema baada ya tarehe hiyo anakurudisha karne nzima nyuma kwa ukurasa mmoja. Neil Livingstone, baba yake David, alifariki Hamilton mwaka 1856. Alizaliwa 1788, kwa hiyo wazazi wanaotafutwa kwenye rejista hiyo ni watu wa karne ya 18.

Usiache kusoma safu ya mtoa taarifa. Kama ni mtoto wa marehemu, majina ya babu na bibi yana uzito. Kama ni jirani au mwenye nyumba, yachukulie kama fununu tu mpaka upate ushahidi wa pili.

Mwaka 1855 wenyewe ni hazina. Rejista za kuzaliwa za mwaka huo zina umri wa wazazi, mahali walipozaliwa, na ndoa yao. Za vifo zinaorodhesha watoto wa marehemu. Kazi hiyo iliwaelemea waandishi, na mwaka uliofuata vipengele vingi vikaondolewa. Tarehe na mahali pa ndoa ya wazazi vilirudi kwenye rejista za kuzaliwa mwaka 1861. Basi kama babu yako alizaliwa 1858, mtafute ndugu yake wa tumbo moja aliyezaliwa 1855, au 1861 na kuendelea.

Picha za rejista zipo kwenye tovuti ya serikali ya ScotlandsPeople. Kutafuta kwenye faharasa (orodha ya majina) ni bure, kufungua picha ya ukurasa kunalipiwa kwa krediti, yaani pointi unazonunua kwenye tovuti. Picha huonekana mtandaoni baada ya miaka 100 kwa kuzaliwa, 75 kwa ndoa na 50 kwa kifo. Lipia picha. Faharasa haikuonyeshi mtoa taarifa, na hapo ndipo wengi hupotea.

Hatua ya 2: Sensa

Sensa zenye majina zipo kila miaka kumi tangu 1841. Ile ya 1841 ina mitego miwili: umri wa waliozidi miaka 15 ulipunguzwa hadi namba inayogawanyika kwa tano (mtu wa miaka 39 akaandikwa 35), na haisemi nani ni nani nyumbani. Mwanamke kijana uliyemdhania mke anaweza kuwa dada au mfanyakazi. Kuanzia 1851 uhusiano unaandikwa, pamoja na parokia ya kuzaliwa. Hiyo parokia ndiyo unayoitafuta. Ilinganishe kwenye sensa mbili au tatu za mtu yuleyule, maana watu walitaja mara parokia, mara mji mkubwa wa jirani.

Hatua ya 3: Rejista za parokia kabla ya 1855

Hizi zilitunzwa na Kanisa la Uskoti, na ya zamani kabisa, ya Errol huko Perthshire, inaanza 1553. Parokia nyingine hazina kitu mpaka miaka ya 1700 na kitu, hasa visiwani na Nyanda za Juu. Kabla ya kutafuta, hakikisha rejista ya parokia yako inaanza lini. Usihangaike na ubatizo wa 1740 kama kitabu kinaanza 1770.

Ubatizo ulioandikwa vizuri una baba, mama kwa jina lake la kuzaliwa, shamba na mashahidi. Nakili mashahidi wote, mara nyingi ni wajomba na mashangazi. Kwa ndoa, kinachoandikwa aghalabu ni matangazo yaliyosomwa kanisani, tena katika parokia zote mbili, ya bwana na ya bibi. Tarehe mbili tofauti haimaanishi ndoa mbili. Mazishi hayakuandikwa sana, ila unaweza kukuta malipo ya kukodi kitambaa cha kufunikia jeneza. Hiyo inatosha kukadiria tarehe ya kifo.

Tafuta kwa alama ya nyota: M*donald itakuletea Macdonald na McDonald kwa pamoja. Lakini Kigaeli, lugha ya asili ya Nyanda za Juu, kina mtego mkubwa kuliko tahajia. Ukoo ulioitwa MacLeay kwa Kigaeli uliandikwa Livingstone kwa Kiingereza, kwa hiyo tafuta majina yote mawili. Majina ya kwanza nayo yalibadilishana: Donald na Daniel, Peter na Patrick, Janet na Jessie.

Hatua ya 4: Lisome jina la mahali

Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu. Majina ya mahali yanakwambia nini cha kutafuta kwenye ramani. Inver- na Aber- ni mahali mto unapomwagikia, Inverness ikiwa kwenye mto Ness. Bal- ni makazi ya wakulima, Ach- au Auch- ni konde, Drum- ni mgongo wa kilima, Kil- aghalabu ni kanisa. Ukisoma mwandiko mbaya na shamba linaanza na Inver- huku hakuna maji karibu, umesoma vibaya.

Mashamba yaligawanywa, na vipande vikabaki na jina moja: Easter na Wester, Upper na Nether, Mains kwa shamba kuu la mwenye ardhi. Wester si Easter. Familia za pande hizo mbili zinaweza zisihusiane hata kidogo. Tazama pia kiunganishi. Mtu aliyeandikwa "of" shamba fulani kwa kawaida ndiye mmiliki. Aliyeandikwa "in" ni mpangaji. Wasomaji wengi hujipa mababu wenye ardhi kwa kuruka neno hilo.

Jihadhari na majina yanayojirudia. Kirkmichael ipo Ayrshire, Banffshire, Dumfriesshire na Perthshire. Andika kaunti kila mara.

Hatua ya 5: Ramani

Maktaba ya Taifa ya Uskoti imeweka bure mtandaoni ramani za Ordnance Survey (idara ya serikali ya upimaji ramani) za karne ya 19, zile za inchi sita kwa maili, ambazo zinaonyesha hata shamba dogo. Kama shamba halionekani, huenda wakazi walishaondolewa. Strathnaver, huko Sutherland, ilihamishwa watu 1814 na 1819 kupisha kondoo. Rudi kwenye ramani ya kijeshi ya mpimaji William Roy ya 1747 hadi 1755.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Bibi mmoja ana jina moja la ukoo kwenye sensa na jingine kwenye kaburi. Ni mtu mmoja kweli?

Jibu: Marahaba. Inawezekana sana. Kwa sheria za Uskoti mwanamke hakupoteza jina lake alipoolewa, ndiyo maana utakuta "Janet Reid or Stewart". Thibitisha kwa rejista ya kifo chake.

Swali: Nimepata ubatizo wa watoto watano, wa sita hayupo. Alizaliwa karibu 1786.

Jibu: Kati ya 1783 na 1794 kulikuwa na kodi ya peni tatu kwa kila ingizo, na wazazi wengi waliikwepa. Sababu nyingine ni familia kuhama Kanisa la Uskoti. Kwa waliozaliwa baadaye, kumbuka pia kwamba mwaka 1843 watu wengi walitoka kwenda Free Church, kanisa lililojitenga na Kanisa la Uskoti. Pekua rejista za makanisa hayo na kumbukumbu za baraza la wazee wa kanisa.

Swali: Je, ni kweli mtoto wa pili wa kiume hupewa jina la baba yake mama?

Jibu: Ndiyo desturi: wa kwanza kwa babu wa kiumeni, wa pili kwa babu wa kikeni. David Livingstone, mtoto wa pili wa kiume, ana jina la babu yake David Hunter. Lakini kaka yake mkubwa aliitwa John, ilhali babu wa kiumeni aliyetoka kisiwa cha Ulva alikuwa Neil. Ichukulie kama dalili ya pa kutafuta, usiijaze kwenye mti wa ukoo kama ushahidi.

Swali: Babu yetu alikuwa fundi Mskoti kwenye misheni ya Thogoto, Kenya. Tunajua jina tu, hatujui kwao.

Jibu: Karatasi za misheni za Kanisa la Uskoti zipo Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh, andika barua ukitaja kazi yake na miaka aliyokuwa Thogoto. Pia orodha za abiria waliotoka Uingereza kwa meli, 1890 hadi 1960, zipo Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa (The National Archives), Kew, London. Tafuta safari za Mombasa, maana baadhi ya orodha zina umri, kazi na anwani ya mwisho ya abiria. Ukipata umri na mji, rudi hatua ya 2 na utafute sensa ya utoto wake.