Kulifanya Gari la Mbio la Rimoti Likate Kona Finyu kwa Mwendo Mdogo

Gari la mbio za vumbi la rimoti linaweza kupita vizuri kwenye kona pana kisha likakataa kabisa kugeuka kwenye kona finyu, na wengi hukimbilia kubadili springi au mafuta ya shokamzoba kabla ya kujua kinachokwamisha. Katika mwendo mdogo matairi huteleza kidogo sana, kwa hiyo njia ya gari huamuliwa kwanza na pembe ambayo magurudumu ya mbele yamegeuka kwa kweli, na ugumu wa springi huja baadaye.

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, tafuta sehemu tambarare yenye udongo kama wa njia ya mbio, kata usukani hadi mwisho, kisha uliache gari lizunguke kwa mwendo wa mtu anayetembea, kulia na baadaye kushoto. Duara likiwa pana hata katika mwendo huo, kasoro iko kwenye usukani wenyewe. Likiwa finyu kisha likapanuka mara tu unapoongeza moto (yaani nguvu ya mota), tatizo ni uzito unaohamia nyuma na kuyaacha matairi ya mbele mepesi. Maduara mawili yakitofautiana, rekebisha kitovu cha servo (mota ndogo inayogeuza magurudumu ya mbele) na mipaka ya usukani kwenye rimoti kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu kila kipimo kitakachofuata kitakudanganya.

Kasoro ya usukani hujificha gari linapokuwa juu ya meza. Magurudumu yanayoning'inia hugeuka hadi mwisho bila shida, lakini yakikanyaga ardhi, springi inayoilinda servo dhidi ya mapigo hulegea na pembe hupungua. Liweke gari chini likiwa na betri na bodi yake, geuza usukani, na ulinganishe na lilivyokuwa likiwa limeinuliwa. Tofauti ikionekana kwa macho, kaza springi hiyo au weka servo yenye nguvu zaidi. Shika pia kila gurudumu la mbele ulitikise; ulegevu kwenye bushi na viungio vya mpira hula nyuzi kadhaa za pembe, na hakuna marekebisho mengine yatakayozirudisha. Baada ya hapo ndipo uongeze mipaka ya usukani, ukisimama pale servo inapoanza kunguruma. Kwa gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, simama mapema zaidi iwapo viungio vya shafti za mbele vinakwama au kugongagonga, kwani vikikwama huligeuza gurudumu kuwa breki na huchakaa haraka.

Jambo ambalo naliona linapuuzwa mno ni tofauti ya pembe kati ya gurudumu la ndani ya kona na la nje. Gurudumu la ndani hufuata duara dogo zaidi, hivyo linapaswa kugeuka zaidi. Kanuni hii ilibuniwa na Georg Lankensperger kwa ajili ya magari ya farasi, na Rudolf Ackermann akaisajili kwa hataza nchini Uingereza mwaka 1818. Kwenye kona za polepole ndipo inapoleta faida kubwa, kwa kuwa tairi linalolazimishwa pembe isiyo yake huburuzwa na kulipunguza gari mwendo. Magari mengi ya mbio yana matundu zaidi ya moja ya kufungia tairodi, yaani fimbo inayounganisha usukani na gurudumu. Jaribu tundu linaloongeza tofauti hiyo, rudia duara lako, na ulibakize tu iwapo gari linazunguka kwa wepesi zaidi.

Magurudumu ya mbele yakielekezwa nje kidogo upande wa mbele, takribani nyuzi 1, gari huitikia usukani mapema zaidi. Mwegemeo wa ndani wa nyuzi 1 hadi 2 upande wa juu watosha. Kuhusu matairi, hakuna marekebisho yanayoweza kufidia tairi la mbele lililolika. Kwa gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma, tairi la mbele lenye mistari inayozunguka tairi lote hushika vizuri upande kwa upande.

Iwapo duara hupanuka unapoongeza moto, sogeza betri mbele, au weka springi laini zaidi mbele, au punguza kiasi ambacho mikono ya mbele ya saspensheni inashuka gari linapoinuliwa, ili uzito usikimbilie nyuma kwa urahisi. Fanya moja kwa wakati mmoja. Kuyapunguzia magurudumu ya nyuma mwelekeo wao wa kuingia ndani, kwa mfano kutoka nyuzi 3 hadi 2.5, hulifungua gari kugeuka, ila mkia huwa mwepesi kuteleza unapotoka kwenye kona, kwa hiyo mimi huliacha hili mwisho.

Kwa gari la magurudumu manne, mafuta mepesi zaidi kwenye difu ya mbele (gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili) huyaruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa mwendo tofauti, na gari hukata kona vizuri zaidi moto unapoachiwa. Mafuta yakiwa mepesi kupita kiasi, gurudumu la ndani huzunguka bure unapoongeza moto na nguvu hupotea.

Kisha kuna mkono wa dereva. Funga breki gari likiwa bado limenyooka, liachie liingie kona uzito ukiwa mbele, na usiongeze moto mpaka pua ielekee unakotaka kwenda. Breki ya kujivuta, ile inayojifunga yenyewe kidogo unapoachia moto, inayowekwa kwenye kidhibiti cha mota, husaidia uhamaji huo wa uzito. Anza na asilimia 5, na uipunguze mara mkia unapoanza kutangulia.